Mshipa, Fahamu na Neva: Istilahi za Bega Linalouma na Kukosa Nguvu

Neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalitumia neno hili moja kwa mfereji wa damu na kwa neva, na tena kwa maradhi ambayo watu huyadhania kuwa yatokana na mishipa, ngiri ikiwa mojawapo. Usemi wa leo haujaachana na desturi hiyo. Mfereji wa damu ni mshipa, kano ishikayo msuli kwenye mfupa ni mshipa, neva ni mshipa, na ngiri nayo ni mshipa. Katika mazungumzo ya nyumbani jambo hili halina madhara makubwa, kwa kuwa wasemaji hufahamiana kwa muktadha. Lakini mfasiri aliyeletewa taarifa ya daktari, karani wa mahakama anayeandika ushahidi, na mwalimu anayefundisha viungo vya mwili hawana ruhusa ya kuliacha neno hili litangetange.

Makala haya yanachukua sehemu moja tu ya mwili, yaani bega, na tatizo moja tu, yaani maumivu na upungufu wa nguvu vinavyosababishwa na neva iliyoumia. Bega limechaguliwa kwa sababu ya kitabibu kwanza: neva iliyokatika ina muda wake, na mgonjwa aliyecheleweshwa na neno huweza kupoteza mkono ambao ungeokolewa. Limechaguliwa pia kwa sababu ipo sehemu ya nchi yetu ambako mabega hufanya kazi kubwa kila siku, na ambako lugha kadhaa hukutana juu ya fomu moja.

Sehemu hiyo ni Tunduma. Mji huu uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, mkabala na Nakonde, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huvukia mpaka huko huko. Ijapokuwa kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, bado shehena hupakiwa na kupakuliwa, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na mabega ya watu. Mkoa huu hulima mahindi na kahawa, na mavuno yote hayo husafiri kwa magunia. Wakala wa Vipimo huelekeza kuwa gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa, kama kila mtu ajuavyo, huzidi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kuwa mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Yaani hata gunia lililo halali kwenye mizani ni karibu maradufu ya mzigo unaoshauriwa kwa bega moja.

Pamoja na wachukuzi wapo waendesha bodaboda, ambao huanguka kwa bega. Kwa hiyo njia kuu mbili za kuumia kwa neva za bega, yaani kubanwa na mzigo na kuvutwa kwa kuanguka, zote zinapatikana katika mtaa mmoja.

Upande wa lugha nao ni vivyo hivyo. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, Kinyiha husemwa Mbozi, Kindali husemwa Ileje, Kiswahili huwaunganisha wote, na Kiingereza ndicho lugha rasmi ya Zambia. Tuseme dereva ameanguka upande wa Nakonde, akatibiwa huko, kisha akarudi kwao na karatasi ya Kiingereza. Karatasi hiyo itasomwa na mganga wa kituo cha afya, pengine na askari polisi aliyetoa fomu ya PF3, pengine na ofisa wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, iwapo mgonjwa ana mwajiri. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ikiwa shauri litafika mbele ya hakimu, maneno ya daktari hayana budi kusimama kwa Kiswahili. Hapo ndipo mshipa unapoanza kuleta taabu.

NEVA AU MSHIPA WA FAHAMU?

Wataalamu waliotutangulia waliona kasoro ya neno mshipa likiwa peke yake, wakaliongezea sifa: mshipa wa damu kwa upande mmoja, mshipa wa fahamu kwa upande wa pili. Ilikuwa hatua njema, na istilahi hiyo ingali hai katika hospitali zetu. Hata hivyo bega linaonyesha waziwazi mahali inapopungukiwa.

Neno fahamu humpeleka msomaji kwenye kuhisi na kutambua. Neva nyingi hufanya kazi hiyo kwa kweli: huchukua habari za joto, mguso na maumivu kutoka ngozini na kuzipeleka kwenye ubongo. Lakini neva nyingine kazi yake ni kuamrisha misuli. Miongoni mwa neva za bega iko moja ndefu ishukayo ubavuni chini ya kwapa, ikiendesha msuli unaolishikilia kombe la bega lisibanduke kwenye mbavu. Neva hii haina tawi lolote la ngozi. Ikiumia, mgonjwa hasikii ganzi popote. Huona tu kwamba hawezi kuinua mkono vizuri, na mtu akimtazama mgongoni huona kombe limechomoza kama bawa, hasa akisukuma ukuta. Mzigo mzito ulioegemezwa begani kwa muda mrefu ni moja ya sababu zake.

Sasa fikiria mgonjwa huyo anaulizwa, «Je, mshipa wa fahamu umeumia? Mkono unafahamu?» Atajibu kwa uaminifu kwamba mkono unafahamu vizuri, na mwulizaji ataandika kwamba mshipa wa fahamu ni mzima. Jina la kitu limekwisha kutoa uamuzi kabla ya uchunguzi. Kinyume chake pia hutokea: karani anayeandika kuwa majeruhi «amepoteza fahamu za mkono» anamsogelea mno yule «aliyepoteza fahamu», na wakili mwerevu hatakosa kuuliza ilikuwaje mtu aliyezimia akakumbuka namba za gari.

Kwa maoni ya mwandishi, neva ndilo neno linalofaa. Limekwisha kuingia katika vitabu vya biolojia, ni fupi, linakubali viambishi vyetu bila taabu, na halimwambii msomaji lolote la uongo kuhusu kazi yake. Wapo watakaolalamika kwamba ni la kukopa. Fahamu nalo tulilikopa kwa Waarabu, wala hakuna anayelionea haya. Pendekezo basi ni hili: mshipa libaki kwa mifereji ya damu, kano kwa kinachofunga msuli kwenye mfupa, msuli kwa nyama itendayo kazi, na neva kwa uzi wa kupeleka habari na amri. Mshipa wa fahamu liendelee kutumika pale tunapozungumza na mgonjwa aliyelizoea, mradi katika maandishi rasmi tuandike neva.

MSUKO

Neva za mkono hutoka katika ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo. (Ni vyema kuyatenga maneno haya mawili. Wengi huandika uti wa mgongo kwa yote mawili, na mifupa ikavunjika katika tafsiri ilhali daktari alitaja kamba.) Zinatoka kama mizizi mitano shingoni na juu ya kifua, zinaungana kuwa mashina matatu, zinagawanyika, zinaungana tena, kisha zinapita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza na kuingia kwapani, ambako zinatoa matawi yaendayo begani na mkononi.

Mfumo huu unaitwaje? Wengine wameandika mtandao wa neva. Neno hilo lilifaa hapo zamani, lakini siku hizi mtandao umechukuliwa na simu, na kijana akisoma «mtandao wa mkono umekatika» anaweza kutabasamu mahali pasipostahili tabasamu. Wengine wameandika pleksasi, ambalo linaeleweka kwa aliyekwisha kulijua tu. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya kimataifa lina maana ya kitu kilichosukwa. Sisi tunayo ukili na mikeka, na mwanamke yeyote aliyesuka ukili anajua jinsi nyuzi zinavyopishana, zikakutana na kuachana tena bila kupotea. Msuko wa neva za mkono ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na umbo la kitu chenyewe. Mizizi, shina na tawi vinafuata bila kulazimishwa. Zile sehemu tatu za chini ya mtulinga, ambazo kwa lugha za kigeni huitwa kamba, zibaki kuitwa kamba. Asithubutu mtu kuziita kano.

Liko kosa moja la hesabu ambalo mfasiri hana budi kulijua. Shingo ina pingili saba, lakini ina jozi nane za neva. Msuko wa mkono huanza kwenye neva ya tano ya shingo hadi ya nane, na kuongezewa ya kwanza ya kifua. Daktari huandika kwa herufi na tarakimu, C5 hadi T1. Mfasiri anayedhani kuwa kila C ni pingili atafika kwenye C8 na kuandika «pingili ya nane ya shingo», mfupa ambao hakuna binadamu aliye nao. Ushahidi wa namna hiyo ukisomwa mahakamani, mtaalamu wa upande wa pili hahitaji kufanya kazi zaidi siku hiyo. Njia salama ni kuandika neva ya shingo C8 pale panapotajwa neva, na pingili ya shingo pale tu panapotajwa mfupa.

JERAHA LISILO NA KIDONDA

Tuje kwenye neno jeraha. Katika Kiswahili cha kawaida jeraha ni mahali palipokatwa au kuchubuka, pana damu, na baadaye pana kovu. Neva ya bega huumia mara nyingi bila ngozi kuguswa. Mwendesha pikipiki huanguka kwa bega, kichwa kikaenda upande huu na bega upande ule. Msuko ukavutwa kupita kiasi, na kwa nje hakuna alama ila vumbi. Askari anayejaza fomu akikuta «jeraha la neva», atalitafuta jeraha asilione, na pengine ataandika kuwa hakuna. Kwa hiyo tungependelea kuumia kwa neva, au dhara la neva katika maandishi ya sheria, na jeraha liachwe kwa kisu, panga na kioo.

Kuumia huko kuna daraja. Mpasuaji wa Kiingereza, Herbert Seddon, aliyapanga madhara ya neva katika makundi matatu mwaka 1943, na mpango wake ungali ukitumika. Kundi la kwanza ni neva iliyogandamizwa au kuvutwa kidogo: haijakatika, ila imeacha kupitisha amri. Hupona yenyewe kwa wiki au miezi michache. La pili ni neva ambayo nyuzi zake za ndani, yaani aksoni, zimekatika, lakini ala yake ya nje imebaki. Nyuzi huota tena taratibu, kiasi cha milimita 1 kwa siku. La tatu ni neva iliyokatika yote, ala na nyuzi, ambayo kwa kawaida haiponi bila mpasuaji.

Majina ya Seddon mwenyewe, neurapraksia, aksonotimesisi na neurotimesisi, yanaweza kubaki katika vitabu vya wataalamu. Kwa taarifa itakayosomwa na watu wengine tunapendekeza kusita kwa neva, kukatika kwa nyuzi za neva, na kukatika kwa neva. Tulilifikiria pia neno kuzimia kwa lile la kwanza, tukaliacha, maana lingeturudisha kwenye fahamu. Dhara la nne, ambalo ni la msuko hasa, lina neno lake tayari na hatuhitaji kubuni lolote: mzizi wa neva ukinyofolewa kutoka katika ugwe mgongo, basi umeng'oka. Mkulima wa Mbozi anajua tofauti kati ya mti uliokatwa na mti uliong'oka, na tofauti hiyo ndiyo ya daktari: uliong'oka hauchipui.

Tofauti hizi si za urembo. Mfasiri akiandika «mshipa umekatika» kwa yote manne, mgonjwa wa kundi la kwanza ataingiwa na hofu bure, na mgonjwa wa kundi la tatu ataambiwa asubiri kama jirani yake aliyepona. Hesabu ya milimita 1 kwa siku inatuonyesha uzito wa kungoja huko. Ikiwa dhara liko milimita 200 kutoka kwenye msuli, nyuzi zitahitaji siku zipatazo 200 kuufikia. Msuli usioamrishwa nao husinyaa, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hauwezi tena kuipokea neva hata ikifika. Ndiyo maana wapasuaji hupenda kuitengeneza neva iliyokatika kabla miezi 6 haijapita, na yafaa zaidi ikiwa ni ndani ya miezi 3. Wiki zinazotumika kukanda na kuchua bega kwa kudhani ni baridi yabisi zinatolewa katika fungu hilo hilo. Kukanda kuna faida yake kwa misuli iliyokaza, wala hatukudharau, lakini hakuungi neva.

MASWALI KWA MGONJWA

Mkono ni neno jingine linalobeba mengi. Kwa Kiswahili mkono huanzia begani ukaishia vidoleni. Muuguzi akisema «inua mkono», mgonjwa hukunja kiwiko akainua kiganja, na karatasi ikaandikwa kuwa mkono unainuka. Swali linalofaa ni refu kidogo: «Nyoosha mkono wote, uinue pembeni kutoka begani mpaka usawa wa sikio.» Hapo msuli mkubwa unaolifunika bega hujidhihirisha. Neva yake hupita kwapani na kulizunguka fupa la mkono, na huumia bega linapotoka mahali pake. Neva hii, tofauti na ile ya ubavuni, ina tawi la ngozi: ganzi yake hukaa kwa nje ya bega, pale askari anapobandika alama ya kikosi.

Vilevile tutenganishe kutoweza na kuogopa kuumwa. «Hawezi kuinua kwa sababu ya maumivu» na «hana nguvu ya kuinua» ni taarifa mbili, na hupeleka kwenye tiba mbili. Udhaifu halifai sana hapa, kwa sababu huweza kusomwa kama hali ya mtu mzima, hata tabia yake. Upungufu wa nguvu hutaja jambo lenyewe. Kupooza litumike pale tu nguvu zilipokwisha kabisa, na daima litajiwe mahali: kupooza kwa msuli wa bega. Likiachwa peke yake, watu wa nyumbani huelewa kiharusi, wakaanza kutafuta dawa ya shinikizo la damu kwa mtu aliyeanguka na pikipiki.

Kwa maumivu, Kiswahili ni tajiri kuliko fomu zetu. Fomu huuliza kama bega linauma, ndiyo au hapana. Wagonjwa husema linachoma, linawaka, linakereketa, linapwita, linavuta, lina ganzi, linatambaliwa na sisimizi. Kuchoma, kuwaka na kutambaliwa huelekeza zaidi kwenye neva. Kupwita na kukaza mara nyingi huelekeza kwingine. Mfasiri asiyafupishe maneno hayo yote kuwa «maumivu makali». Upo ugonjwa ambao Parsonage na Turner waliueleza mwaka 1948, ambamo bega huuma ghafla bila kuanguka wala mzigo, mara nyingi usiku, kwa maumivu yasiyovumilika. Yakitulia baada ya siku au wiki kadhaa, ndipo mtu hugundua kuwa mkono hauna nguvu. Mpangilio huo wa maumivu kwanza, upungufu wa nguvu baadaye, ndio unaoutambulisha. Tafsiri inayoandika tu «bega lilimuuma na kulegea» imefuta utambuzi wenyewe.

Yamebaki majina mawili. Dalili ya kombe kuchomoza tunapendekeza iitwe kombe bawa, kwa kuwa ndivyo linavyoonekana. Na upungufu wa nguvu unaotokana na mikanda ya mzigo wa mgongoni, unaojulikana sana kwa askari wa nchi nyingi, uitwe kupooza kwa shanta. Neno shanta tunalo tangu zamani. Kwa mchukuzi wa gunia, ambaye hana shanta wala mikanda, daktari aandike sababu kama ilivyo: neva imebanwa na mzigo uliobebwa begani, akitaja na uzito wake kwa kilo, maana ofisa wa fidia atauliza.